Kimbunga Si cha Watu wa Pwani Peke Yao

Iko kasumba iliyoota mizizi katika baadhi ya ofisi za bara, nayo ni kudhani kwamba habari za vimbunga vya Bahari ya Hindi ni habari za wavuvi wa Mafia na Mtwara. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikifika Bariadi na kutaja dhoruba iliyo karibu na Madagaska, hupigwa muhuri, huingizwa jaladani, na mambo huishia hapo. Mtumishi aliyeiweka huko hurudi nyumbani akiamini ametimiza wajibu.

Hakutimiza. Vimbunga vya kusini-magharibi ya bahari hiyo huwa na msimu wake, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mkulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, hupanda Novemba na Desemba, na ifikapo Machi hutazama vitumba vikijaa. Misimu hiyo miwili ni mmoja!

Na utazamwe msimu wa 2018/19, ambao dhoruba zaidi ya kumi zilipewa majina. Idai kilipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kikaua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye Kenneth kikashukia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Dunia ilizungumzia mafuriko, na ilikuwa haki. Lakini wachache waliuliza kwa nini siku zile zile masika yalichelewa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kimbunga kikiwa katika Mlango-Bahari wa Msumbiji huvuta unyevu wa bahari kuelekea kwake, na nchi zilizo kaskazini zikaachiwa upepo mkavu. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki ya Madagaska. Pepo za magharibi zikavuka kutoka misitu ya Kongo na kuja na mvua nyingi. Kimbunga si sababu pekee ya mvua kuja au kukosekana, wala hakuna mtaalamu asemaye hivyo. Hata hivyo, mkulima aambiwaye tu kwamba “kuna kimbunga” hajaambiwa kitu. Aambiwe kiko upande gani wa Madagaska.

Dawa ya pamba iliyonyunyizwa asubuhi huoshwa na mvua ya jioni, na fedha iliyoinunua haioti tena. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa katika ardhi ambayo haitapata mvua kwa wiki mbili huliwa na mchwa. Hasara hiyo haiandikwi katika jalada lolote. Hubebwa na kaya, wakati onyo limelala kabatini umbali wa kilometa chache.

Watasema wengine kwamba bahari imepashwa joto na viwanda vya mataifa ya kibepari, na kwamba Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ile chafu. Ni kweli tupu, na mataifa hayo lazima yadaiwe bila haya. Lakini ni bepari gani aliyemzuia karani wa Bariadi kubandika tangazo mnadani? Chama kilipotangaza Siasa ni Kilimo mwaka 1972, hakikuwasamehe wenye meza.

Walimu nao wanahusika. Mwalimu wa jiografia anayefundisha vimbunga vya Marekani kutoka kitabuni, huku ramani ya Bahari ya Hindi ikining'inia ukutani, anawanyima watoto wa wakulima elimu ya shamba lao wenyewe. Kipima mvua si mtambo wa ajabu. Shule yaweza kuwa nacho, wanafunzi wakasoma kila asubuhi na kuandika ubaoni. Taarifa ya siku kumi ya Mamlaka hutolewa kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la sita aweza kuisoma mbele ya mkutano wa kijiji, Itilima au Meatu, kabla wazazi wake hawajachukua majembe.

Novemba msimu mwingine wa vimbunga utaanza, na Bariadi itakuwa inapanda.