Kuhesabu ndege si kazi ya wavivu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, jua linapokuchwa katika miji ya mashariki mwa Kanada, wako watu wasimamao kandokando ya majengo ya kale wakiyakazia macho mabomba ya moshi. Hawalipwi hata senti moja. Kazi yao ni kuhesabu ndege wadogo wenye rangi ya masizi, wafananao na mbayuwayu, ambao hurejea kutoka Amerika ya Kusini na kuingia katika mabomba hayo kulala. Hao ndio teleka wa dohani.

Mpita njia huenda akawacheka. Mtu mzima na akili zake, mbona ahesabu ndege asiowafuga? Kwa maoni yangu, astahiliye kuchekwa ni huyo mpita njia.

Yafaa ifahamike kwamba teleka huyu hawezi kutua tawini kama ndege wengine. Miguu yake humwezesha kung'ang'ania ukutani tu. Hapo kale alijenga kiota ndani ya miti mikubwa yenye uwazi. Miti hiyo ilipokatwa, akahamia katika mabomba ya moshi. Sasa mabomba nayo yanazibwa au kubomolewa. Kanada ilimtia katika orodha ya viumbe waliomo hatarini mwaka wa 2009, na shirika la IUCN likafanya vivyo hivyo mwaka wa 2018.

Upungufu huo ulijulikanaje? Kwa kiasi kikubwa, ni kutokana na hesabu ya kila mwaka iliyoanzishwa Amerika ya Kaskazini mwaka wa 1966, ambayo hutegemea watu wa kujitolea. Hata makao yake ya msimu wa baridi yalikuwa fumbo hadi mwaka wa 1944, ilipobainika kwamba pete 13 walizovishwa ndege hao kaskazini zilikuwa zimepatikana kwa wenyeji wa msituni nchini Peru.

Hapa kwetu Kenya, watu wa kujitolea wamekuwa wakishirikiana na wataalamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini shule zetu je? Mbayuwayu wa Ulaya huwasili kwetu mnamo Septemba na Oktoba, na huondoka karibu na Aprili. Ni wanafunzi wangapi walioandika siku walipomwona wa kwanza?

Najua mwalimu atasema kwamba silabasi imemlemea. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kazi hii haihitaji maabara wala vyombo vya bei ghali. Yatosha daftari, penseli na robo saa kwa juma, mahali palepale, saa ileile. Sharti ni moja tu: isikatizwe. Hesabu ya siku moja haisemi neno. Hesabu ya miaka ishirini yaweza kumshuhudia kiumbe asiye na msemaji.

Mwanafunzi atakayeianza hatauona mwisho wake, kwa kuwa atahitimu na kuondoka. Amwachie daftari amfuataye. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.