Safari njema, ila mkataba uko wapi?

Nimepotea kidogo, UE zilinibana kweli kweli. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kwetu Mjimwema, Njombe, kila nikirudi likizo nasikia binti mwingine kaenda Oman kufanya kazi za ndani. Mtaani wanasema "huyo kaula". Huku chuo nyie wenzangu mnacheka, "kaenda kudeki Uarabuni". Ajabu ni kwamba hakuna anayeuliza kasaini nini.

Jamani, njia hii babu zetu waliipita. Enzi za mkoloni watu wa nyanda za juu walisombwa kwenda kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua. Wakaitwa manamba, maana mtu alikuwa namba tu. Mshahara ulikuja mpaka ujaze kipande cha siku 30 za kazi.

Sasa tazama zama zetu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti, wakiwa wameongea na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Wapo waliofanyishwa kazi mpaka saa 21 kwa siku. Na kuna huu mfumo wa kafala, kibali chako cha kuishi kinafungwa kwa bosi. Ukimkimbia, wewe ndo unaitwa mkosaji!

Halafu dada wa watu akirudi mikono mitupu tunamwambia, "Si ungevumilia tu, hela ulikuwa unaitaka?" Hapo ndo nachefukwa. Uvumilivu siyo kifungu cha mkataba. Mbona sisi boom likichelewa wiki moja tunataka kugoma?

Mtasema nyumbani hakuna ajira, viazi bei imeanguka, mtu afanyeje? Sawa, aende. Sisi wenyewe tukimaliza chuo wengi tutaondoka. Ila aende mtu, asiende namba. Mkataba uwe kwa lugha anayoielewa, nakala moja ibaki kwa mama yake, namba ya ubalozi wetu Muscat aijue kichwani. Wakala akikataa hayo, huyo ni msombaji manamba aliyevaa tai.

Wewe unayejua kusoma mkataba, ukimsikia binti wa mtaani kwenu anaondoka, acha kucheka. Kaa naye msome wote.

Nawasilisha.