Bwana Mafua



Kama ilivyo ada yetu kila mwaka kitabu hiki kinapopigwa chapa, nami nimepewa nafasi yangu ya kuzungumza nanyi juu ya maisha yetu ya mjini London. Safari hii, kwa ombi la wapwa na wajukuu walio wengi, mazungumzo yetu yatakuwa juu ya mbwa. Najua wazee wengine wameshakunja uso. Nawaomba wavumilie, kwani mwisho wa maneno yangu ni juu ya fedha, na khabari za fedha kila mtu huzisikiliza.

Kwanza nieleze jinsi mbwa alivyoingia katika nyumba ya watu wa Mombasa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi wa Kiingereza asiye na mtoto, ndiye aliyetuletea chai na biskuti siku tuliyohamia hapa, mwaka 1994, hata masanduku hatujayafungua. Mwaka 2021 miguu ilimwisha nguvu, akapelekwa katika nyumba ya wazee, na huko mbwa hawapokewi. Akaja mlangoni na kijibwa chake kifuani, machozi yanamtoka. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, alifahamu kabla sijamfasiria. Akasema, "Jirani ana haki yake. Mwambie amana yake tumeipokea."

Huyo mbwa ni wa aina ya pagi. Kwa asiyemjua, ni mbwa mfupi mnene wa kilo 6 hadi 8, rangi ya mchanga, masikio meusi, uso mweusi uliobonyea kama aliyegonga ukuta, na mkia umejikunja mgongoni kama konokono. Asili yake ni China, alikokuwa akilelewa katika majumba ya wafalme. Waholanzi wakamleta Ulaya, na William wa Orange na mkewe Mary walipokuja kutawala Uingereza, wakatawazwa mwaka 1689, mapagi nao walikuja. Malkia Victoria naye alifuga kadhaa. Basi msishangae akijiona ni mtu wa daraja. Jina lake la Kiingereza ni Alfie, lakini Mama, kwa vile alivyomsikia anakoroma na kupiga chafya tangu siku ya kwanza, alimwita Bwana Mafua, na jina hilo ndilo lililomganda.

Masharti ya nyumba yaliwekwa siku hiyo hiyo. Bwana Mafua analala katika kibanda cha vioo kilicho nyuma ya jiko. Chumba cha kusalia hakanyagi. Bakuli lake ni lake, taulo lake ni lake, na karibu na mlango wa nyuma pana kopo la mchanga safi, maana sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na chombo akikilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Wajukuu wameijua hesabu ya 7 kabla ya kuijua hesabu ya shule.

Lakini masharti ni yetu, si yake. Siku ya Idi ya mwaka 2022 tulikuwa na wageni zaidi ya 20, na kama desturi kila mtu alivua viatu mlangoni. Bwana Mafua hakubweka wala hakumsumbua mtu. Alichukua kiatu kimoja kimoja, kila jozi upande mmoja tu, akavipanga chini ya kichaka cha waridi. Wageni walipotaka kuondoka pakawa na zahama. Kijana mmoja alirudi kwao kwa treni amevaa kandambili za shemeji yangu. Mzee wetu mmoja, ambaye makubadhi yake yalipatikana yamelowa mate, tulidhani atakasirika. Akasema, "Yule mtu wa zamani alitia maji katika kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mimi nimetoa kiatu bila ya maji. Niulizieni, nitapata nusu?" Watu walicheka mpaka Mama akakaa kitako.

Na kumtembeza nako kuna mambo. Katika treni za chini ya ardhi mbwa haruhusiwi kusimama juu ya ngazi za umeme, sharti abebwe, kwani kucha zake zaweza kunaswa. Basi nipigieni picha: mwanamke wa makamo, buibui na mtandio, amempakata pagi ndani ya taulo kama mtoto mchanga, na pagi anawakodolea macho abiria kana kwamba yeye ndiye aliyelipa nauli. Watu wa London hawasemeshani njiani, lakini kwa ajili yake nimesemeshwa na watu wengi kuliko miaka yote niliyokaa hapa.

La chakula nalitia mkazo, kwa sababu vyakula vyetu si salama kwa mbwa. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu yake. Zabibu zaweza kumuua figo. Chokoleti ni sumu kwake. Sasa tazameni sambusa, tazameni pilau, tazameni biriani la harusi lililonyunyiziwa zabibu! Kila tunachomtupia mtu kwa mapenzi, kwake ni hatari. Kwetu kanuni ni moja: chakula cha meza hakishuki chini, hata akilia.

Sasa tufike penye kisa chenyewe. Wengi hucheka wakimsikia pagi anakoroma, na picha zake hutumwa kwenye simu ulimwengu mzima. Mama hakucheka. Alikuwa akikaa naye kibandani jioni akivuta uradi, na siku moja aliniambia, "Huyu hana mafua. Mafua huisha. Huyu pumzi haimtoshi."

Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu lianze kupimwa, maneno yake yalithibitika. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Yeye hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na hewa ipite puani na kinywani. Pagi pua yake imefupishwa kwa kuzalishwa vizazi na vizazi watu wakiutaka uso ule, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kadiri hiyo hiyo: tundu za pua zimebanwa, na kaakaa laini limekuwa refu, linaziba koo. Siku ile, ndani ya nyumba, mapazia yamefungwa, ulimi wa Bwana Mafua uligeuka rangi ya zambarau. Tulimlowesha maji, tukamwekea feni, tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama. Alipona. Lakini daktari alituambia wazi kwamba bila ya kupasuliwa, joto jingine kama lile huenda asilivuke. Gharama ilikuwa zaidi ya paundi 2,000, na bima haikulipa, kwa kuwa maradhi yalikuwapo kabla ya bima.

Fedha hizo tulikuwa nazo. Zilikuwa za nauli ya Mama na mimi kwenda Mombasa kumwona dada yake.

Kaka yangu mkubwa hupiga simu kila Jumapili. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, hapa mtaani kuna watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nanyi huko mnamchonga mbwa pua?"

Nikamjibu, "Kaka, neno lako ni la haki, na sina la kulipinga. Lakini hiki kiumbe hakukuja kwetu mwenyewe. Kimewekwa."

Akasema, "Ingekuwa ni ng'ombe ningefahamu."

Mama akaiomba simu. Hakuhutubu. Alimwambia mwanawe, "Amana haipokewi nusu. Nauli ni yangu, na mimi nitangoja." Kisha akaniagiza nipeleke karo ya mtoto mmoja kila muhula, ili neno la kaka lisianguke chini. Karo hiyo mpaka leo tunaipeleka.

Bwana Mafua alipasuliwa mwaka 2023. Walimpanua tundu za pua na kumpunguza kaakaa. Hakupona kabisa, maana uso ulivyo haurudishwi, na wakati wa joto bado tunamtoa alfajiri na baada ya magharibi tu, kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Lakini sasa hulala usiku mzima, na wizi wa viatu umerudi kwa nguvu mpya. Mama na mimi tulisafiri mwaka 2024, tukamkuta dada yake mzima, alhamdulillahi. Kaka yangu mpaka leo anasema ule ulikuwa wazimu. Sikumshinda, wala hakunishinda.

Sasa nyinyi vijana wetu, mlioniandikia kuuliza mapagi yanauzwa wapi. Jawabu langu ni kwamba, kabla ya kuutazama uso, sikilizeni pumzi. Hapa London, watafiti wa chuo cha udaktari wa wanyama walitangaza mwaka 2022 kwamba kwa upande wa afya pagi hawezi tena kuhesabiwa kuwa mbwa wa kawaida. Waholanzi, ambao ndio waliomleta Ulaya, wao wenyewe tangu mwaka 2019 wamekaza sheria ya kukataza kuzalisha mbwa wa pua fupi mno. Tangu mwaka huo huo hapa Uingereza kuna kipimo cha pumzi chenye daraja 0 mpaka 3, na mzalishaji mwaminifu hatakuficheni daraja la wazazi. Tangu Aprili 2020, sheria ya hapa England inamtaka muuzaji akuonyesheni mtoto wa mbwa akiwa na mama yake pale alipozaliwa. Anayetaka kukukabidhini kijibwa katika maegesho ya magari, mwacheni. Na afadhali zaidi, kama ni mbwa mnayemtaka, nendeni kwenye makazi ya mbwa walioachwa, mkachague mwenye pua ya kupumulia.

Mkisha kupiga hesabu ya chakula, chanjo, bima na daktari kwa miaka 12 au zaidi, mkaona bado mnamtaka, basi mchukueni, na mumchukue mzima, si nusu.

Mama anakusalimuni nyote. Tukijaliwa, tukutane ukurasa huu mwakani. Na mkija Idi kwetu, viatu viwekeni juu ya kabati.