Upishi nao ni masomo, wazazi tusiwacheke watoto

Wiki iliyopita, mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi na ambaye kwa sasa amepokelewa na jamaa hapa Goma, aliniita kando. «Mwanangu wa redio, nisaidie. Mtoto wangu ametuaibisha.» Nikafikiri kijana amefungwa. Kumbe ameandikishwa chuoni.

Kijana huyo alipitia kambi ya wakimbizi nchini Uganda pamoja na shangazi yake, na kutoka huko wakapelekwa Marekani. Familia ilingojea daktari ama injinia. Juzi akapiga simu kusema amechagua upishi, masomo ya miaka miwili. Wajomba wakacheka: mwanaume kuvuka bahari akajifunze kushika mwiko?

Ndugu wasikilizaji, mimi siungani na wajomba hao.

Kwanza, tujue anachosoma. Katika vyuo vya umma vya Marekani, masomo hayo ya miaka miwili yanamalizika kwa shahada iitwayo «associate». Mwanafunzi anajifunza kukata nyama na samaki, kuoka mikate na keki, kupanga chakula cha watu wengi, na kupiga hesabu ya kila sahani. Anasoma pia usafi: chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto juu ya nyuzi 60, kwa sababu katikati hapo vijidudu vinazaana haraka. Juu ya hayo kuna Kiingereza na hesabu.

Je, hayo si elimu? Sisi Wakongo tunajua gharama ya kutoyajua. Kule Kwango, watu wamelemaa miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa kula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Na hapa Goma, maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yametuletea kipindupindu mara nyingi. Mpishi aliyesoma analinda afya ya watu kabla hawajafika kwa daktari.

Tuangalie pia hesabu. Mama wengi waliohamishwa na vita wanauza maharage na bugali kando ya barabara. Jioni pesa iko mkononi, lakini ukitoa makala, mafuta, maji na sahani za mkopo, hakuna kilichobaki. Si uvivu. Hakuna aliyewafunza kuhesabu gharama ya sahani moja kabla ya kutaja bei. Kijana huyo anafunzwa jambo hilo hilo.

Hata hivyo, wajomba wana haki ya kuuliza maswali. Kazi ya jikoni ni ngumu: kusimama saa nyingi, joto, kufanya kazi usiku na siku za sikukuu, na mshahara wa kuanzia mara nyingi ni mdogo. Tena kuna shule za binafsi zinazotoza pesa nyingi mno, na mwanafunzi anatoka na deni kubwa kuliko mshahara. Kwa hiyo mama, ukimpigia simu, muulize: chuo ni cha umma? Pesa ya masomo ni msaada ama mkopo? Serikali ya kule ina msaada uitwao Pell Grant, usiolipwa kama deni, na waliopokelewa kama wakimbizi wanaweza kuuomba. Muulize pia kama chuo kinamtafutia mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi.

Akijibu vizuri, mbariki.

Na ninyi wazazi mlio hapa Goma, Bukavu na Minova, msingoje mtoto afike Marekani. Binti anayetaka kusoma hoteli na upishi msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya walioshindwa shule. Tulipokimbia na kulala chini ya turubai, mtu wa kwanza tuliyemtafuta alikuwa yule mwenye sufuria motoni. Siku ile hakuna aliyemcheka.