Mitokari kwenye televizyo: mutazame pamoja, lakini mulango uwe na mulinzi

Kila mwaka, Safari Rally ya Kenya ikifika kwenye televizyo, kuna watu wa Butembo na Beni ambao hawaulizi tena habari ya mpira. Mashofere wa Fuso, mafundi wa garaje, vijana wa piki na wachimbaji wenye wametoka karyeri na vumbi bado kwenye masikio, wote wanabanana kwenye benchi moja, jenereta ikinguruma inje. Kuna wanaosema ni kupoteza wakati na feza. Sisi hatukubali. Tunasema mutazame, na mutazame pamoja. Lakini kuna mambo ya kupanga kwanza, juu hapa kwetu kukusanyika kunaweza kugharimu maisha.

Mashindano haya si ya wageni. Yalianza mwaka 1953, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, majirani zetu wa upande wa Kasindi. Joginder Singh wa Kenya, fundi wa mitokari, aliyashinda mara 3: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5. Baadaye Safari ilitoka katika mashindano ya dunia kwa miaka mingi, ikarudi mwaka 2021. Toka hapo mpaka 2025, kila mwaka Toyota njo ilishinda. Mutu wa Butembo hawezi kukosa kufurahi, maana karibu kila mzigo anaokula au kuuza umepanda Toyota siku moja.

Ubaya wa kutazama peke yako kwenye simu ni huu: mega zinaisha mbio, na hakuna wa kuuliza. Kwenye benchi, muchimbaji anauliza kwa nini ile mutokari imesimama, fundi anamujibu. Mutangazaji anasema Kiingereza, kijana aliyeishi Kampala anatafsiri. Uganda, kazi hiyo ya kutafsiri filamu kwa sauti imekuwa mukate wa watu. Na mwaka 2013, BBC ilipoonyesha Waingereza watatu wa Top Gear wakihangaika na mitokari mizee katika Uganda, Rwanda na Tanzania, wakitafuta chanzo cha Nile, matope yale sisi tuliyajua mbele yao. Kicheko cha namna hiyo ni kitamu kikiwa cha watu wengi.

Tena kuna masomo pale. Mutazame vizuri: ndani ya mutokari ya rally wako watu 2, wote na kofia ngumu na mukanda. Mumoja anaendesha, mwenzake anasoma kila kona kwenye daftari. Njia imefungwa, hakuna mutu mwingine anayepita. Jioni mafundi wanaikagua kabla irudi njiani. Halafu tunatoka kwenye sali, tunapanda piki watu wanne, tunakimbia kwenye njia ya Butembo–Beni, kilometa 54 zenye mbuzi, mama wa soko na watoto wa masomo. Yule wa Naivasha anakimbia juu wamemutengenezea njia ya kukimbia. Wewe hakuna aliyekutengenezea.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Tarehe 27 Juni 2021, siku ileile Sébastien Ogier aliposhinda Naivasha, bomu zililipuka Beni: moja asubuhi katika kanisa katoliki, ingine jioni karibu na baa. Mamlaka ya muji ilifunga masomo, makanisa na masoko kwa siku 2. Siku ya Noeli ya mwaka ule, mutu mwenye bomu alitaka kuingia katika mukahawa uliojaa watu. Walinzi walimuzuia mulangoni, akajilipua pale. Watu walikufa, na tunawalilia mpaka leo. Lakini angefika katikati ya meza, tungezika wengi zaidi. Na Kampala, tarehe 11 Julai 2010, zaidi ya watu 70 waliuawa wakitazama finali ya Kombe la Dunia kwenye ekra kubwa.

Kwa hiyo, wenye sali za video, tunawaomba hivi. Mulinzi akae mulangoni, anayepekua kila mufuko, hata wa mutu anayejulikana. Milango iwe 2, ifunguke upande wa inje. Jenereta na bido za esanse zikae inje, mbali na watu. Benchi zikijaa, mufunge, hata kama feza inaita.

Ninyi watazamaji, musikasirike mukipekuliwa. Mukiona mufuko bila mwenyewe, mutoke na muite walinda usalama. Lakini mutu asishukiwe juu ya luga yake ao sura yake, maana tumeshaona raia wasio na kosa wakiuawa hivyo. Na hakuna sababu ya kutembea usiku: Naivasha iko mbele yetu saa 1 tu, mbio zake karibu zote ni za muchana. Ile inayorudiwa usiku inaweza kungoja.

Kwa muchimbaji tuna neno la pekee. Ukiuza zahabu, sehemu ya nyumba itoke kwanza: chakula, masomo ya watoto, dawa. Kiti cha sali hakitakumaliza. Kinachomaliza watu ni kubetia, na bia za kushindana. Na siku moja umulete mama watoto na binti yako. Nani alisema mitokari ni ya wanaume tu?

Wakubwa wa muji nao, kufunga kila sali siku ya hatari ni kazi nyepesi. Kazi ya kweli ni kuandika masharti yanayoeleweka, kuyakagua bila kuomba kitu, na kumuacha afanye kazi yule anayeyafuata. Vita imetunyima mashamba, njia na usingizi. Tusiipe tena benchi yetu.

Rally ijayo, kila sali ya Butembo na Beni iwe na mulinzi mulangoni. Yule asiye naye, tusimulipe hata franga moja.