Tovuti Haihami kwa Usiku Mmoja

Mwandishi aliyedai kwamba kuhamisha tovuti ni kunakili mafaili usiku mmoja, na gharama ni ada ya seva mpya tu, anawapotosha wenye biashara. Barua pepe je? Rekodi ya MX, inayoelekeza barua pepe kwenye seva yake, ikisahaulika, oda za wateja hazifiki, na mwenye duka huenda asijue kwa siku kadhaa. Kisha kuna TTL, yaani muda ambao anwani ya tovuti hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya: ikiwa sekunde 86,400, wapo wateja watakaopelekwa seva ya zamani hadi siku nzima baada ya kuhama; ishushwe hadi 300 mapema, siku moja kabla au zaidi. Ndiyo maana mimi hutenga fedha za kulipia seva zote mbili mwezi mzima, na za fundi wa kujaribu nakala rudufu. Mwandishi huyo anaita hilo ubadhirifu. Basi amweleze mwenye duka nani atazifuata oda zilizobaki kwenye hifadhidata ya seva ya zamani iliyokwisha kufutwa.