Mwanzi mwembamba haushindwi na samaki mkubwa

Baraka, Fizi – Kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika, mtu akisimama na mwanzi mwembamba, kaboya kadogo kakielea mbele yake, watu humcheka. Husema huo ni mchezo wa watoto, wa kupata visamaki vya kumpa paka. Kicheko hicho huwaangukia zaidi wakimbizi wa ndani walioteremka kutoka nyanda za juu za Fizi na Itombwe, watu wa ng'ombe na mashamba, wasio na mtumbwi wala wavu. Na shauri wanalopewa ni moja: tafuta mti mnene. Shauri hilo ni baya, na linawanyima watoto mboga.

Mti mnene haupindi. Kuhe wa kilo 3 akishtuka na kuchomoka, nguvu yake yote inakwenda kwenye uzi, na uzi unakatika, mara nyingi pale kwenye fundo. Mwanzi mwembamba unapinda kuanzia ncha hadi karibu na mkono. Samaki akivuta, unainama naye. Akichoka, unajinyosha na kumrudisha. Uzi wa nailoni wa milimita 0.25, ukiwa mpya, unabeba karibu kilo 4. Lakini samaki akiwa ndani ya maji ni kama hana uzito. Kinachokata uzi ni mshtuko wa ghafla, na mshtuko huo ndio mwanzi unaoumeza. Kwa hiyo uzi wa kilo 4 unaweza kumchosha hata samaki wa kilo 5, mradi asinyanyuliwe hewani. Hapo uzito wake wote unarudi. Avutwe polepole mpaka mchangani, au mtu wa pili aingize kikapu chini yake.

Mwanzi nao una mipaka yake. Mwanzi wa hapa hauna mashine ya kukunjia uzi. Uzi umefungwa kwenye ncha na urefu wake ni huohuo. Samaki akikimbilia kilindini, na mvuvi kwa woga akamwelekezea mwanzi, mwanzi na uzi vinakuwa mstari mmoja. Hakuna kinachopinda tena, na samaki amekwenda. Dawa ni kuusimamisha mwanzi, kutembea naye kandokando ya pwani na kumgeuza kwa ubavu badala ya kumvuta nyuma. Kambale mkubwa akizidi hata hapo, mwenye mtumbwi anaweza kuuachia mwanzi wenyewe majini: unaelea, kambale anauburuta mpaka anachoka, kisha mtu anaufuata kwa kasia. Asiye na mtumbwi asiufuate kwa kuogelea, hasa karibu na midomo ya mito, kwenye mamba na viboko. Afadhali kupoteza mwanzi. Na sangala wa makumi ya kilo, huyo si wa mwanzi kabisa, watu wasidanganyane.

Kinachowaangusha wengi ni uzi. Uzi wa kuokota, uliochomwa na jua juu ya hema miezi mingi, hauna nguvu hata ukionekana mzima. Fundo likikazwa kavu, nailoni inajiunguza na kujikata. Lilowanishwe kwa mate kwanza. Kipande cha karibu na ndoano, kilichokwaruzwa na mawe, kikatwe na ndoano ifungwe upya kila siku. Tena uzi usizungushwe kidoleni, maana samaki akikimbia ni kidole kinachokatwa.

Sasa, wanaoleta misaada hugawa unga, mafuta na vyandarua. Chandarua kinachoishia ziwani kinazoa vifaranga ambao wangekuwa samaki wa mwaka ujao. Ni rahisi kumlaumu mama anayekikokota, lakini amepewa kitu gani kingine? Kifurushi cha uzi mpya wa mita 100 na ndoano 10 za ukubwa tofauti kinaingia kwenye mfuko wa suruali. Wanaopanga misaada wakiweke kwenye orodha.

Kamati za wavuvi nazo zina kazi. Badala ya kumfukuza mgeni pwani, zimwonyeshe mahali panapofaa, na zimwambie habari za kuhe: baba na mama hulinda watoto wao pamoja, karibu na mwambao. Jozi ikionekana na wingu la vifaranga, iachwe. Wazazi wakitolewa, watoto wote wanaliwa na samaki wengine siku hiyohiyo.

Mwanzi wenyewe hauhitaji mfadhili. Unakatwa kando ya mto kwa ruhusa ya mwenye shamba, unaanikwa kivulini wiki 2 au 3 ukiwa umenyoshwa. Ukianikwa juani unapasuka, na ukitumiwa mbichi unapinda na kubaki hivyohivyo.